Wingi upi wa kura? Clinton, Obama na hesabu za mwaka 2008

Tarehe 5 Februari 2008, majimbo zaidi ya 20 ya Marekani yalipiga kwa mpigo kura za mchujo za kuwatafuta wagombea urais wa vyama. Upande wa Democratic, Hillary Clinton alilichukua New Jersey kwa kura 613,500, Barack Obama akapata 501,000 na ushei. Siku hiyohiyo, upande wa pili wa nchi, Obama alishinda Idaho, jimbo la milima na mashamba ya viazi ambalo chama cha Democratic hakijalishinda katika uchaguzi wa rais tangu mwaka 1964. Huko hawakupiga kura kwenye masanduku. Walikusanyika katika mikutano ya chama, ile inayoitwa kokasi, na wote kwa jumla walikuwa kama 21,000. Obama alipata chini kidogo ya 17,000, Clinton hakufika hata 4,000.

Sasa tazama wajumbe, yaani watu wanaokwenda mkutano mkuu wa chama kumteua mgombea urais. New Jersey ilimpa Clinton wajumbe 59 na Obama 48, faida ya wajumbe 11. Idaho ilimpa Obama 15 na Clinton 3, faida ya wajumbe 12. Kwa maneno mengine, kumzidi mwenzako kwa kura 13,000 kulilipa kuliko kumzidi kwa kura 112,000.

Anayekutana na mfano huu kwa mara ya kwanza lazima aulize: hii demokrasia gani? Wafuasi wa Clinton waliuliza swali hilo miezi minne mfululizo, na wapo ambao hawajaacha kuliuliza hadi leo. Kauli yao ilikuwa fupi na yenye mvuto: Clinton alipata kura nyingi zaidi, Obama alipata wajumbe wengi zaidi, kwa hiyo kanuni zilimpokonya mwanamke huyo haki yake.

Mimi naona hoja hiyo ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo imewekwa mahali pasipo pake. Wingi wa kura hauwezi kutumika kumtafuta mshindi wa mchujo wa namna ile. Lakini unaweza kabisa kutumika kuzihukumu kanuni zenyewe, na zikipimwa hivyo baadhi yake zinaaibisha.

Tuanze na kanuni. Chama cha Democratic hakina mchujo mmoja wa taifa zima. Kina michujo zaidi ya 50, ya majimbo, ya mji mkuu Washington, ya visiwa na maeneo kama Puerto Rico na Guam, hata ya Wamarekani waishio ng'ambo. Kila jimbo hupewa fungu lake la wajumbe, kwa kutazama ukubwa wake na jinsi lilivyokipigia chama kura katika chaguzi zilizopita. Fungu hilo hukatwa tena: wajumbe wengine hugawiwa kwa matokeo ya jimbo zima, na wengi wao kwa matokeo ya kila wilaya ya uchaguzi ndani ya jimbo. Hakuna mshindi kuzoa wote. Kila anayevuka asilimia 15 ana chake. Asiyefika hapo anaambulia patupu.

Hapo ndipo hesabu za darasa la nne zinapogeuka kuwa siasa. Chukua wilaya yenye wajumbe 4. Ukishinda kwa asilimia 60 dhidi ya 40, ushindi ambao popote pengine ungeitwa wa kishindo, mnagawana wawili kwa wawili. Ili upate wa tatu lazima uvuke asilimia 62.5. Sasa hamia wilaya ya jirani yenye wajumbe 3: ukimzidi mwenzako kwa kura moja tu, unaondoka na wawili, yeye mmoja. Mgombea mwenye akili timamu hatumii siku nzima na fedha za matangazo katika wilaya ya wajumbe 4 ambako yuko kwenye asilimia 55. Anakwenda kwenye ile ya wajumbe 3 ambako wanakabana koo.

Kambi ya Obama ilikuwa na mtu wa kazi hiyo, Jeffrey Berman, mwanasheria aliyezijua kanuni za wajumbe kama mtu anavyojua njia ya kwao. Meneja wa kampeni, David Plouffe, alizisikiliza hesabu zake. Ndiyo maana Obama alikuwa na ofisi na watu wa kulipwa Idaho wakati wapinzani wake wakiliona jimbo hilo kuwa kupoteza muda, na siku chache kabla ya kura alihutubia umati uliojaza uwanja wa ndani wa chuo kikuu mjini Boise. Watu walicheka: Mdemokrati anafanya nini Idaho? Alikuwa anafuata wajumbe 12.

Ukitaka kuuona mfumo huu ukiwa uchi kabisa, nenda Texas, tarehe 4 Machi. Chama huko kilikuwa na utaratibu wa kupiga kura mara mbili siku moja. Mchana unapiga kura kama kawaida. Jioni, vituo vikishafungwa, unarudi kituoni kwako kuhudhuria mkutano, unajiandikisha jina na jina la mgombea wako, na hapo unahesabiwa tena. Theluthi mbili hivi za wajumbe waliogombaniwa zilitokana na kura za mchana, theluthi moja na mikutano ya usiku. Wajumbe wa mchana nao waligawiwa kwa wilaya za seneti ya jimbo, kwa kutazama kila wilaya ilikipa chama kura ngapi mwaka 2004 na 2006. Wilaya ya Austin, mji wa chuo na vijana, ilikuwa na wajumbe 8. Wilaya za bonde la Rio Grande, mpakani na Mexico, zenye Walatino waliompenda Clinton tangu enzi za mumewe, zilikuwa na watatu au wanne kila moja, kwa kuwa watu wake hawakujitokeza kwa wingi chaguzi zilizopita.

Clinton alishinda kura za mchana kwa takriban kura 100,000. Televisheni zikamtangaza mshindi wa Texas, naye akapanda jukwaani kushangilia. Kura hizo zilimpa wajumbe 65, Obama 61. Kisha yakaja matokeo ya mikutano ya usiku: Obama 38, Clinton 29. Jumlisha. Obama 99, Clinton 94. Aliyeshindwa Texas alitoka Texas na wajumbe wengi kuliko mshindi. Nevada ilikuwa hivyohivyo mwezi Januari: Clinton alitangazwa mshindi, Obama akaondoka na wajumbe 13 dhidi ya 12.

Hadi hapa msomaji anaweza kudhani naisaidia kambi ya Clinton. Subiri kwanza.

Tatizo la kudai umeshinda kwa wingi wa kura ni kwamba mwaka 2008 hapakuwa na jumla moja ya kura ambayo watu wote wangeikubali. Zilikuwepo jumla tano, sita, kila moja ikitegemea unamhesabu nani. Twende nazo pole pole, maana kiini cha ubishi kiko hapa.

Ukijumlisha majimbo yote yaliyotoa hesabu ya kura isipokuwa Florida na Michigan, ambayo chama kilikuwa kimeyaadhibu kwa kuwahisha michujo yao kinyume cha kalenda, Obama anaongoza kwa kura kama 336,000. Ongeza Florida, ambako wote wawili walikuwa kwenye karatasi ya kura ingawa hakuna aliyefanya kampeni: uongozi wa Obama unayeyuka hadi kura 41,000 hivi. Ongeza Michigan kama ilivyo, na Clinton anapaa mbele kwa kura zaidi ya 286,000.

Lakini Michigan ilikuwaje? Jina la Obama halikuwemo. Yeye, John Edwards na wengine kadhaa waliondoa majina yao Oktoba 2007 kuheshimu kalenda ya chama. Clinton alibakisha lake, huku akiiambia redio moja ya New Hampshire kwamba ni wazi kura hiyo haitahesabiwa kwa lolote. Siku ya kupiga kura, 15 Januari, Clinton alipata kura 328,000, na watu 238,000 wakajaza kisanduku cha "bila msimamo", wengi wao kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kumkataa. Kwa hiyo katika jumla hii ya Clinton, Obama ana kura sifuri katika jimbo lenye mji wa Detroit. Sifuri. Mgombea ambaye Wamarekani weusi walikuwa wakimpa kura nane au tisa kati ya kumi katika majimbo mengine.

Ukimpa Obama hizo kura za "bila msimamo", uongozi wa Clinton unashuka hadi kama 48,000. Na bado kuna majimbo manne ya kokasi, Iowa, Nevada, Maine na Washington, ambayo hayakutoa hesabu ya vichwa hata kidogo, yalitoa mgawanyo wa wajumbe tu. Makadirio yaliyotumika sana wakati ule yalimpa Obama faida ya kura 110,000 hivi katika majimbo hayo. Yaongeze, na Obama anarudi mbele kwa kura kama 60,000.

Halafu kuna Puerto Rico. Clinton alishinda huko tarehe 1 Juni kwa zaidi ya kura 140,000, na wakazi wa kisiwa hicho hawampigii rais kura mwezi Novemba. Wamo au hawamo?

Kati ya kura milioni 35, uongozi unahama kutoka kwa mgombea mmoja kwenda kwa mwingine kulingana na ni Wamarekani wepi umeamua kuwatambua. Anayesema "nilipata kura nyingi zaidi" katika hali kama hiyo amekwisha kuchagua wapiga kura wake kabla hajaanza kujumlisha. Hili halikuwa kosa la Clinton peke yake. Kambi ya Obama nayo ilikuwa inanukuu jumla ile iliyoipendeza. Tofauti ni kwamba Obama hakuihitaji.

Mei 31, 2008, kamati ya kanuni ya chama ilikaa katika ukumbi wa hoteli mjini Washington kuamua hatima ya Florida na Michigan. Ilikuwa Jumamosi, nje watu wakiimba wanataka kila kura ihesabiwe, ndani makelele na kuzomeana mbele ya kamera. Florida ilirudishiwa wajumbe wake, kila mmoja akiwa na nusu kura. Michigan nayo nusu kura, lakini kwa mgawo wa 69 kwa Clinton na 59 kwa Obama, mgawo uliopikwa na viongozi wa jimbo lenyewe kwa kuchanganya matokeo, kura za maoni na makadirio. Harold Ickes, mshauri mkuu wa Clinton katika mambo ya wajumbe na mjumbe wa kamati hiyo, aling'aka kwamba wanamwibia mgombea wake wajumbe wanne. Kwa hoja hiyo alikuwa na haki. Mgawo ule haukuwa na msingi wowote katika sanduku la kura. Ila Ickes huyohuyo alikuwa ndani ya kamati hiyohiyo mwaka 2007 ilipopiga kura kuyanyang'anya majimbo hayo wajumbe wote, naye aliunga mkono. Mwaka 2007 Clinton alikuwa anaongoza kila kura ya maoni na hakuna aliyedhani Michigan itakuja kuhitajika.

Ndiyo maana siwezi kuikubali hoja ya wingi wa kura kama njia ya kumpata mshindi baada ya mchezo kuisha. Timu haidai ubingwa wa ligi kwa kuwa imefunga mabao mengi kuliko yenye pointi nyingi. Ingejua ni mabao yanayohesabiwa, kila timu ingecheza vingine. Laiti mshindi wa 2008 angepatikana kwa jumla ya kura za nchi nzima, Obama angemaliza wiki nzima Chicago kuongeza kura nyumbani kwake, na Clinton angefanya vivyo hivyo New York. Hakuna ambaye angekanyaga Boise. Majimbo ya kokasi nayo yasingekubali kujipunja kwa kuhesabu watu elfu ishirini wakati yangeweza kuhesabu laki mbili. Jumla tunayoijadili ilizaliwa ndani ya mashindano ya wajumbe. Huwezi kuitoa humo ukaifanya kipimo cha mashindano ambayo hayakufanyika.

Wafuasi wa Clinton walipenda pia kusema kwamba Obama aliponea kwenye kokasi za majimbo madogo. Hilo nalo si sahihi kikamilifu. Georgia haikuwa kokasi. Obama alipata huko kura 704,000 dhidi ya 330,000, na faida ya wajumbe 33. Pennsylvania, ushindi uliosifiwa sana wa Clinton mwezi Aprili, ulimpa faida ya wajumbe 12. Mfumo wa mgao unamzawadia anayeshinda kwa kishindo kuliko anayeshinda kwa pua, na Clinton alikuwa anashinda majimbo makubwa kwa asilimia nane, tisa, kumi. Upande wa Republican mwaka huohuo, John McCain alichukua wajumbe wote 57 wa Florida kwa asilimia 36 ya kura, na wajumbe wote 58 wa Missouri kwa asilimia 33. Theluthi mbili ya Warepublican wa Missouri hawakumtaka, na hawakuambulia hata mjumbe mmoja. Kufikia Machi 4 kazi ilikuwa imekwisha. Kwa kanuni za namna hiyo, Clinton mwenye California, New York, Texas, Ohio, Pennsylvania na New Jersey huenda angekuwa mgombea. Lakini hizo zisingekuwa kanuni zenye haki zaidi, zingekuwa kanuni nzuri kwake tu.

Sasa nirudi kwenye ile nusu ya ukweli.

Kokasi ni utaratibu mbaya. Nasema hivyo bila kuzungushazungusha. Iowa mwaka 2008 walikutana saa moja usiku mwezi Januari, baridi kali, kwenye madarasa ya shule, makanisa na vituo vya zimamoto. Ulitakiwa uwe mlangoni kabla ya saa hiyo, ukae saa moja au mbili, usimame kwenye kona ya mgombea wako mbele ya jirani, bosi na mama mkwe. Kona yako isipofika asilimia 15 ya waliomo ukumbini, ulifuatwa na watu wa kona nyingine wakikubembeleza uhamie kwao. Ni siasa tamu kuitazama. Lakini muuguzi wa zamu ya usiku hayupo. Mama mwenye mtoto mchanga na asiye na wa kumwachia hayupo. Askari aliyepelekwa vitani hayupo. Mzee asiyeweza kuendesha gari kwenye theluji hayupo.

Na tuna ushahidi wa jinsi kutokuwepo kwao kunavyobadilisha matokeo, kwa sababu jimbo la Washington lilifanya yote mawili katika mwaka mmoja, tena mara mbili. Februari 2008 kokasi zilimpa Obama asilimia 68 na ndizo zilizogawa wajumbe. Siku kumi baadaye serikali ya jimbo ikaendesha kura ya kawaida ambayo kwa Wademokrati haikuwa na thamani yoyote ya wajumbe. Karibu watu 700,000 wakapiga kura hata hivyo, na Obama akashinda kwa asilimia 51 dhidi ya 46. Mwaka 2016 ikawa kichekesho kabisa. Machi, Bernie Sanders alimfagia Clinton kwenye kokasi kwa asilimia 73 na kuondoka na wajumbe 74 dhidi ya 27. Mei, watu takriban 800,000 walipopiga kura ile isiyo na uzito, Clinton akashinda. Jimbo moja, chama kimoja, wagombea walewale, majibu mawili yanayopingana, na chama kikachagua kuheshimu jibu la wachache.

Hapa ndipo wingi wa kura unafanya kazi yake halali. Haukuhitajika kutuambia nani awe mgombea mwaka 2016. Clinton aliongoza kwa kila kipimo, kura milioni 16.9 dhidi ya milioni 13.2 za Sanders. Ulituambia kwamba chombo cha kupimia cha Washington kilikuwa kibovu. Na chama kikasikia: mwaka 2020 jimbo hilo, na Nebraska lililokuwa na kisa kama hicho, yaliacha kokasi na kugawa wajumbe kwa kura za kawaida. Iowa ilidumu hadi 2020, ikatoa kwa mara ya kwanza hesabu ya vichwa, na hesabu ikaonyesha Sanders alipata kura kama 6,000 zaidi ya Pete Buttigieg katika duru ya kwanza, ilhali wajumbe walikwenda 14 kwa Buttigieg na 12 kwa Sanders. Ongeza programu ya simu iliyogoma kutuma matokeo usiku ule, na sifa ya Iowa ikaisha.

Angalia pia jinsi watu wanavyohama hoja. Mwaka 2008 waliolia kuhusu kokasi walikuwa wa Clinton, na mwisho walikuwa wakiwaomba wajumbe wakuu, yaani wabunge, magavana na vigogo wa chama wenye kura mkutanoni bila kuchaguliwa na wapiga kura wa mchujo, wautazame wingi wa kura na kuwapuuza wajumbe wa kawaida. Nancy Pelosi, Spika wakati huo, alionya kwamba vigogo wakipindua matokeo ya wapiga kura watakiumiza chama. Mwaka 2016 watu wa Sanders walianza kwa kuwalaani wajumbe wakuu kama wezi wa demokrasia, wakamaliza kwa kuwasihi hao hao wamwache Clinton aliyeongoza kwa kura na wajumbe. Kanuni mpya ya mwaka 2018 iliwazuia vigogo kupiga kura katika duru ya kwanza ya mkutano mkuu pale mshindi asipokuwa dhahiri. Ilichelewa miaka thelathini hivi.

Wajumbe wa mgao nao hawakushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1968 Hubert Humphrey aliteuliwa Chicago bila kushiriki mchujo hata mmoja, polisi wakiwapiga vijana virungu barabarani. Mageuzi yaliyofuata yalimwingiza George McGovern mwaka 1972, ambaye kwa bahati mbaya ya historia alipata kura chache kidogo kuliko Humphrey katika michujo, akawa na wajumbe wengi. Kisha Jesse Jackson, aliyegombea 1984 na 1988, akaona kura zake zikizaa wajumbe pungufu kwa sababu majimbo mengi yalimwongezea mshindi ziada. Alishinikiza mgao uwe wa uwiano kila mahali, na baada ya 1988 chama kilikubali. Obama alipovuna wajumbe kwenye wilaya alizoshindwa kwa kura chache, alikuwa anavuna shamba alilolima Jackson.

Sisi wa Afrika Mashariki tuliifuata simulizi ile kwa karibu kuliko kawaida. Obama alishinda Iowa tarehe 3 Januari 2008, wakati Kenya ikiwaka moto kwa ajili ya matokeo ya uchaguzi wa Desemba 27, na akiwa kwenye kampeni za New Hampshire alimpigia simu Raila Odinga. Magomvi mawili ya hesabu katika wiki moja, ila hayakufanana. Kenya ilikuwa inagombania kama kura zilizotangazwa ndizo zilizopigwa. Marekani hakuna aliyetilia shaka tarakimu za New Jersey wala Idaho. Walikuwa wanabishania tarakimu zipi zina maana. Wakenya wanalijua hilo la pili pia: Katiba ya 2010 inamtaka rais apate zaidi ya nusu ya kura zote na walau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti 47, kwa hiyo wingi mtupu hautoshi. Na Tanzania, ambako mgombea urais wa CCM hupatikana kwa kura za mkutano mkuu baada ya vikao kuchuja majina, mtu hahitaji kuelezwa mjumbe ni nani. Mwaka 2020 watia nia wa ubunge walioangushwa kwenye kura za maoni walituachia msemo kwamba wajumbe si watu wazuri.

Mjumbe, hata hivyo, ana jambo moja ambalo kura haina: ni mtu. Kura ikishapigwa kwa jina fulani haiwezi kuhama. Mjumbe anaweza. Kanuni ya Democratic haimfungi kwa kamba. Inamtaka, kwa dhamiri njema, aakisi hisia za waliomchagua. Kwa miongo kadhaa maneno hayo yalikuwa pambo. Kisha tarehe 21 Julai 2024 Joe Biden akajitoa, akiwa ameshinda kura zaidi ya milioni 14 na takriban wajumbe wote. Ndani ya siku mbili wajumbe wa kutosha walikuwa wameahidi kumuunga mkono Kamala Harris, na mwanzoni mwa Agosti wakampitisha kwa kura za mtandaoni kabla mkutano wa Chicago haujafunguliwa.

Kwa kipimo cha kanuni, hapakuwa na dosari. Harris alikuwa mgombea mwenza, na hakuna aliyejitokeza kumpinga kwa dhati. Lakini mtetezi wa wajumbe, nami nikiwa mmoja wao, hapa anabanwa. Hoja yetu dhidi ya Clinton mwaka 2008 ilikuwa kwamba kanuni zilijulikana mapema na wapiga kura walicheza ndani yake. Mpiga kura wa Michigan wa Februari 2024 hakuwa na njia ya kujua kwamba anamchagua mjumbe atakayempigia mtu mwingine. Alidhani anampigia Biden.